Chanjo ya Mwansa

Yaya Georgette, dada yangu mkubwa,

Nimekaa kwenye cherehani tangu asubuhi na sijashona hata pindo moja. Nikishika mkasi nauacha, nikienda mlangoni narudi. Mama anasema nitulie, nitatoboa sakafu. Basi nimeona nikuandikie, maana wewe ndiye uliyejua kunituliza.

Tangu kipindupindu kikuchukue, mvua zilipoanza, redio ya Mama haizimwi. Unaijua ile redio, uliyokuwa ukigombana nayo na mwiko mkononi, samaki wakiungua nyuma yako. Sasa wanabishana juu ya chanjo. Bwana wa serikali ya kwetu anasema majirani wa Zambia wamepewa fungu letu. Bwana wa kwao anajibu kwamba malori ya Kongo ndiyo yanayowapelekea ugonjwa. Malori ya Kongo! Na anayeendesha mojawapo ni Bwalya, mume wako, Mbemba wa Chililabombwe kule Zambia, anayepakia shaba hapa Likasi. Ungekuwepo ungeipiga hiyo redio kofi. Ungerudia lile neno ulilowatupia wanawake kisimani walipokucheka kwa kuolewa ng'ambo ya mpaka: "Munaogopa frontière? Miye njo frontière yenyewe!"

Nimecheka nilipoandika hapo. Kisha nimelia, Mama akadhani nimejidunga sindano.

Chanjo zilizofika mjini ziliisha kabla mtaa wetu wa Panda haujaonja. Wewe mwenyewe ulipanga foleni na Mwansa mgongoni, mkarudi mikono mitupu, na juma lilelile ukaugua. Sasa binti yako ameanza kukimbia, Yaya. Anakunywa maji ya kila chombo anachokiona, hata ya bidoni la kufulia. Nashinda nikimfukuza ua mzima. Akiharisha kidogo tu, nasimama na kikombe cha maji ya chumvi na sukari mkononi.

Kwenye matanga yako Shangazi Chanda, aliyemlea Bwalya, alisimama akasema zahanati ya kwao inayo ile chanjo ya kunywa. Akaomba aondoke na mtoto, kidogo tu. Tunawajua watoto wanaokwenda "kidogo tu". Mama aliniinamia sikioni: "Batamupa vaccin, kiisha habatamurudisha."

Hapo ndipo vita vilipoanza, na nasikitika hukuviona. Kwetu Waluba mtoto ni wa baba. Kwao Wabemba mtoto ni wa upande wa mama. Kila mtu angeshika mila yake, sisi tungemtoa, wao wangemkataa, na Mwansa angebaki barabarani. Lakini Baba Mkubwa Kalenga, ambaye hakuna harusi aliyoacha kuhubiri kwamba mtoto ni wa baba, siku hiyo aligeuka Mbemba. "Mutoto ni wa kwa mama! Ata Babemba benyewe banasema vile!" Na Shangazi Chanda naye akageuka Mluba: "Si Baluba munasemaka mutoto ni wa baba?" Watu wakaanza kucheka na machozi hayajakauka. Bwalya hakucheka. Alikuwa ameshika kandambili zako, anazigeuzageuza. Shangazi akaondoka peke yake, na hakuna aliyemuaga vizuri.

Juma lililopita mtoto wa Mama Kabwe, mlango wa pili, alipelekwa hospitali. Yuko hai, lakini mimi sikuweza tena. Nilimfunga Mwansa mgongoni, nikapanda basi la Lubumbashi, halafu la Kasumbalesa, tukavuka mpaka. Mama alijifungia chumbani, hakutaka kutuona tukitoka.

Kwa Shangazi Chanda nilikuta kitanda. Kidogo, kipya, na chandarua chake kimeshatundikwa. Nilipokiona nikaketi palepale mlangoni na mtoto mgongoni, nikakataa hata maji.

Kule zahanati mwanamke mmoja nyuma yetu kwenye foleni alisikia Kibemba changu cha Katanga, akasema kwa sauti kwamba Wakongo wamekuja kumaliza chanjo zao. Nilikuwa na jibu, unajua nilivyo, lakini nililimeza. Muuguzi akauliza mama wa mtoto ni nani. Shangazi akafungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema ni mimi.

Sikudanganya. Mdogo wa mama ni mama mdogo, kwetu na kwao. Lakini Yaya, pale sikulitamka neno "mdogo".

Mwansa alinywa, akakunja uso, akataka kutema. Nikamziba mdomo kwa kiganja mpaka akameza. Nje, Shangazi aliketi akaegemea ukuta. Kisha akasema: "Kama mama ni weye, basi mutoto anafuata mama. Kwetu ni vile." Alikuwa ameirudia mila yake, na ilimuuma. Alifungua kitenge kiunoni mwake, akamfunga Mwansa mgongoni mwangu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Akanitaka nimlete kiangazi, nikamwahidi. Sijui kama alinibariki au alinikasirikia. Nadhani vyote viwili.

Unaona kwa nini situlii? Mwansa amekunywa, watoto wa mtaa mzima bado. Jana Mama Kabwe alikuja kuniuliza kama naweza kuvuka na wa kwake pia, niseme ni wangu. Nitakuwa mama wa wangapi? Na nitamkataliaje? Redioni bado wanabishana fungu lilikuwa la nani. Nina hasira nao wote, wa huku na wa kule, na nina hasira nawe pia kwa kuniachia haya. Nimesema. Naona nimepumua kidogo.

Leo mchana Mwansa aliamka akaita, "Mama!" Nilikuwa nakusubiri wewe uitike, Yaya, naapa, nilitega sikio kabisa. Akaita tena, sasa kwa kulia. Nikaenda.

Basi lala. Kiangazi nitampeleka kwa Shangazi wake, na nitarudi naye. Nitamwambia mama aliyemzaa ni nani, na ulivyokuwa na mdomo. Lakini nakuomba nawe jambo moja. Wakubwa wanasema marehemu akiitika, mtoto humfuata. Mimi siamini sana, ila kwa huyu sitaki kujaribu. Akiita mama, usiitike. Nitaitika mimi.

Mdogo wako,
Bibiane