Kopo la Biskuti Lililomchoma Mtunza Stoo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lipo kwenye kitambulisho nilichomkabidhi afande. Kazini naitwa Mama Wodi.
Umri: Miaka 51
Kazi: Muuguzi msimamizi, wodi ya wanaume, na mlezi wa wanafunzi wa uuguzi walio kwenye mafunzo ya vitendo
Makazi: Nyumba za watumishi, nyuma ya jengo la kufulia

Natoa maelezo haya kwa hiari, nikiwa na akili timamu, ingawa hasira bado ninayo. Afande ameniomba nisipige meza. Nimekubali.

Mlalamikaji ni mtunza stoo wa hospitali yetu. Tunamwita Bwana Hakuna. Ukimwomba glavu, hakuna. Boksi la kutupia sindano, hakuna. Na stoo imejaa hadi mlango unafungwa kwa kusukumwa na bega. Vitu hivyo anawawekea wakaguzi. Wakija vinapangwa wodini, wakiondoka vinarudi stoo.

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu, huyu binti mliyemweka mahabusu na kesho asubuhi ana mtihani wake wa mwisho, alikuwa akitoa taka za wodi. Kwa kuwa boksi hatuna, mtu alikuwa ametupa sindano iliyotumika kwenye mfuko wa plastiki. Ikatoboa mfuko, ikamchoma pajani. Nilimpeleka stoo mwenyewe, nikidhani yule bwana akimwona ataingiwa na huruma. Alimtazama, akasema, "Sindano ndogo hiyo, binti. Ndiyo kujifunza kwenyewe." Nilimshika binti mkono, tukatoka.

Binti hakulia. Alileta kopo la bati la biskuti kutoka bwenini, akakata tundu kwenye kifuniko, tukawa tunatupia humo sindano. Juu yake akabandika karatasi: HATARI, SINDANO CHAFU, USIGUSE.

Afande ameuliza mtu mzima anayejua kusoma aliwezaje kuingiza mkono humo. Hapa lazima nieleze mambo ya kwetu. Chakula cha watumishi huibwa sana, kwa hiyo kila mtu huandika uongo juu ya chombo chake. Bakuli langu la mchana limeandikwa KINYESI, KITANDA CHA TISA. Daktari wa zamu huandika MAKOHOZI kwenye chupa yake ya juisi. Kwetu, kadiri onyo linavyokuwa kali ndivyo watu wanavyoamini kuna kitu kitamu ndani.

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu, yaani leo, saa nne asubuhi, muda wa chai, Bwana Hakuna aliingia wodini. Mimi nilikuwa kitanda cha mwisho nabadilisha dripu. Nilimsikia akisema, "Hawa wanadhani mimi mgeni hapa." Kifuniko kikalia. Kisha likatoka yowe ambalo liliwaketisha wagonjwa wawili tuliokuwa tunawabembeleza waketi tangu juzi.

Alikuwa akimwita mama yake. "Nakufa, sista! Niitieni daktari! Vaeni glavu!" Nilitamani kumjibu, "Hakuna." Kazi haikuniruhusu.

Binti ndiye aliyemshika mkono, akamwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, akamkataza kukamua kidole, akamsindikiza hadi akapewa dawa za kujikinga na VVU. Plasta ambayo mlalamikaji amewaonyesha kama ushahidi ilibandikwa na binti huyo huyo anayemshtaki kwamba alimtegea sindano. Njia nzima binti alikuwa akimwambia, "Pole baba. Siku za mwanzo zinachefua, ila unazizoea." Bwana Hakuna hakumuuliza amejuaje.

Afande ameuliza kama nina la kuongeza. Ninalo. Mkoba wa binti mlioushika kaunta una kichupa cha vidonge. Ni vile vile alivyopewa mlalamikaji. Binti alivianza wiki iliyopita, siku ile alipochomwa. Humeza saa mbili usiku, na saa yenu ya ukutani inakaribia. Naomba apewe maji.

Hayo ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, nami nayakubali, isipokuwa pale afande alipoandika "alilalamika" badala ya "alipiga yowe". Amesahihisha.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika kama yalivyotolewa. Meza imepigwa mara moja tu. Mtuhumiwa amepewa maji na vidonge vyake saa mbili kamili, naye ameruhusiwa kwenda kulala bwenini. Mlalamikaji ameitwa kituoni kesho asubuhi, aje na funguo za stoo.