Nilitupa Raba za Mke Wangu

Mpendwa Sista Warigia, naomba msaada wako, na tafadhali usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Naitwa Mulei, nina miaka sitini na saba, nilistaafu kutoka kiwanda cha nguo Thika na sasa naishi Ruiru na mke wangu Mbula, kwenye ploti ya gorofa tatu, sisi tuko juu kabisa. Mwanzo wa mwaka jana Mbula alipimwa kliniki akaambiwa ana kilo mia moja na nne, presha iko juu, sukari imeanza kupanda, na kwa umri wake wa miaka sitini na tatu moyo na magoti havitavumilia uzito huo, basi akapunguza chapati na soda, akanunua viatu vya raba, akaanza kutembea kila asubuhi na jirani yetu Ciku anayekaa chini, wanatoka kukipambazuka na kurudi wakicheka, na kwa miezi minane akapungua kilo kumi na moja, presha ikashuka, akawa anapanda ngazi akiimba.

Nilipaswa kufurahi, na mwanzoni nilifurahi kweli, lakini mwezi wa Novemba tulienda matanga nyumbani Ngoliba na dada yangu mkubwa akanishika mkono mbele ya watu akaniuliza, "Mulei, mbona bibi yako amekauka hivi? Ni mgonjwa na mnatuficha, ama huko Ruiru humlishi?" Watu walicheka, Sista, na mimi nimekuwa mtu mwenye kitambi cha heshima tangu nikiwa fundi wa mashine, kwetu mke akinenepa wanajua bwana anajiweza, kwa hivyo nilirudi nyumbani na hasira nikaanza kuleta nyama choma na chipsi kila jioni, nikisema, "Kula, Mama Mwende, usiniaibishe," naye anaonja kidogo anasukuma sahani, mpaka asubuhi moja akiwa anaoga nikachukua zile raba kwenye kamba ya nguo nikazitia kwenye mfuko wa takataka, na gari la taka likaja likabeba.

Sikujua mambo yangefika yalipofika. Siku iliyotangulia Ciku alikuwa amezisifu raba hizo akasema angependa kuwa nazo, basi Mbula akashuka mpaka kwenye mfereji wa maji akamwambia mbele ya wapangaji wote, "Ungeniomba tu, Ciku, kuliko kuiba." Ciku alilia. Mimi nilikuwa nimesimama juu nikiangalia tu.

Tangu hapo hawasalimiani, na Mbula hataki kutembea peke yake, anakaa nyumbani anakula nilivyotaka ale, na katika miezi mitano kilo tisa zimerudi. Jumapili iliyopita tukitoka kanisani alikaa kwenye ngazi za gorofa ya pili ameshika kifua, jasho linamtoka, akaniambia, "Baba Mwende, nimezeeka ghafla." Nilimpeleka hospitali, wakapima moyo wakasema bado uko sawa lakini presha ni mia moja sabini na nane, wakaongeza dawa, wakamwambia arudi kutembea taratibu. Akaniuliza, "Nitembee na nani?" Sista, nikisema ukweli nitampoteza mke, nikinyamaza nitampoteza pia. Mimi mwenyewe sina shida, nina kilo mia moja kumi na nane lakini nimezoea. Nifanye nini?

Mulei, Ruiru

Sista Warigia anajibu:

Mzee Mulei, nilifanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na moja, na nimeona watu wakificha vidonge, wakificha pombe, wakificha vipimo. Raba ndiyo mara ya kwanza.

Kwa kuwa ulikuwa umeandika namba yako, sikungoja gazeti. Nilikupigia Jumanne, na umenikubalia niwaeleze wasomaji. Uliniuliza, "Nitamwambiaje?" Nikakujibu, "Kwa mdomo, leo, kabla ya chakula." Uliogopa, lakini ulimwambia, na kwa hilo nakupa heshima yako.

Uliponipigia tena ukanieleza kwamba Mbula hakupiga kelele. Alikutazama, akajifunga leso, akashuka kwa Ciku, akakaa huko mpaka ugali ukapoa. Halafu wakapanda wote wawili. Ciku akakwambia, "Mzee, mimi nilihama kanisa kwa sababu ya aibu ile." Ulisimama ukaomba msamaha. Ni vizuri, lakini uliuomba chumbani kwako. Mbula alimtukana Ciku watu wote wa mfereji wakisikia. Kwa hivyo Jumamosi, wapangaji wakichota maji, utashuka useme mbele yao ni nani aliyezitupa. Sauti yako isikike mpaka gorofa ya tatu.

Kuhusu dada yako: alikosea, na wewe ulikosea zaidi kumsikiliza. Mbula hakuwa amekauka, alikuwa anapona. Uzito ukizidi katika umri wenu unapandisha presha na sukari, unachosha moyo, unasaga magoti, na kiharusi hakimuulizi mtu kama bwana wake anajiweza. Kilo zile kumi na moja alizopunguza zilikuwa zinamwongezea miaka ya kuishi na wewe. Mpigie dada yako umweleze hivyo, bila kumung'unya maneno.

Nyama choma ya kila jioni ikome. Sisemi mfe njaa, maana mtu wa umri wenu akijinyima chakula anapoteza nguvu za misuli, akianguka hainuki. Kuleni ndengu, maharagwe, mayai, sukuma ijaze nusu ya sahani, na muthokoi wenu wa mahindi yaliyokobolewa pia, kwa kiasi. Dawa za presha Mbula asiziache hata akijisikia vizuri. Na kifua kikimbana tena, msikae nyumbani mkingoja kipoe, nendeni hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa wewe. Umejaza ukurasa mzima kwa mwili wa mke wako, wako ukaupa mstari mmoja: "nimezoea." Mzee, mwili hauzoei, unanyamaza tu. Uliniambia kwamba juzi Ciku na Mbula walipoanza tena kutembea walikwambia, "Na wewe pia, twende," ukafika kona ya pili ukaomba kupumzika. Usione haya. Kesho fika kona ya tatu. Wanawake hao wawili wamekusamehe kwa vitendo kabla hujamaliza kuomba, na watakungoja.

Tulipokuwa tukiagana Mbula alichukua simu kwako. Aliniambia unapolala unakoroma, halafu unanyamaza kabisa, pumzi inakatika, kisha unashtuka kama mtu aliyetolewa kwenye maji, na mchana unasinzia kwenye kiti. Hilo si la kuchekwa. Uzito unaweza kuziba njia ya hewa, na daktari anapaswa kujua.

Jumatatu saa mbili uwe umekaa kwenye benchi ya kliniki. Upimwe uzito, presha, sukari na mzunguko wa kiuno. Na ukiitwa, uingie pamoja na Mbula, kwa sababu daktari akiuliza unalala vipi, wewe hujui. Yeye ndiye amekuwa macho akisikiliza kama utavuta pumzi nyingine.