Shosho wa Dundori na Maneno ya Babeli

Kui. KUI. Nimeitwa mchawi kwa nyumba ya dada yangu Wariara.

Unajua ile website ya maandishi ya Kiakadi natumia kwa masomo, ya wale watu wa Babeli? Leo nimepata humo maneno ya kunyamazisha mtoto anayelia. Yaliandikwa kwa vibao vya udongo karibu miaka elfu nne iliyopita, kumaanisha hata wao walichoshwa na kelele. Na mtoto wa Wariara amelia tangu asubuhi. Nikasema wacha nijaribu.

Nikambeba, simu mkononi, nikamsomea Kiakadi kwa sauti kama padri. Akanyamaza. Kui, mtoto ALINYAMAZA. Akalala fofofo.

Kugeuka hivi, mama mkwe wa Wariara amesimama mlangoni, ametoka Dundori na viazi kuona mjukuu. Hakuna mtu aliniambia anakuja!

"Unamwambia nini mjukuu wangu?"

Na mimi mjinga nikasema ukweli. "Ni maneno ya kutuliza mtoto, shosho. Ya Babeli."

BABELI. Nimemwambia Babeli, mama wa maombi!

Akaninyang'anya mtoto, akaniita mchawi, akaanza kukemea mapepo, na pepo ni mimi. Wariara ameficha uso kwa leso, sijui analia ama anacheka.

Sasa huko kukemea kukaamsha mtoto. Akalia kushinda asubuhi. Shosho akambembeleza, akamwimbia, akamwombea. Wapi!

Mwishowe akanirudishia mtoto bila kuniangalia.

"Msomee," akasema. "Lakini umalizie na amina."