Mifuko ya Mama Chebet
Jumanne, Rongai

Hata leo wamekuja wengi dukani. Kukaa, si kununua.

Mzee mwenye duka aliniambia siku ya kwanza ya kazi, "Wachangamkie watu, watarudi." Nimewachangamkia mpaka mashavu yanauma, na kweli wanarudi. Wanachaji simu, wanauliza mtoto wangu anaendeleaje, halafu wanaenda kununua kwa ile supamaketi mpya.

Leo Mama Chebet, mteja wangu wa tangu zamani, ameingia na mifuko miwili kutoka huko, imejaa sukari na sabuni. "Niwekee hizi nikimbie kliniki. Ni wewe tu naamini hapa Rongai."

Nimecheka. Nimemwambia, "Hakuna shida, mathe." Ningesema nini? Nikimnunia, hata wa kukaa hatakuwepo.

Mzee ameacha kuleta stoki. Anasema mambo yakiendelea hivi tutafunga, na mimi sijui nitaenda wapi. Kazi nyingine naijua gani, zaidi ya kucheka na watu?

Mifuko yake niliiweka kwa rafu ya sukari, maana iko tupu. Mpaka aliporudi kuichukua, duka lilikaa kama duka.