Kamshafti Aliyoichagua Kioko

Salama, Ijumaa, Agosti 1972

Daktari Mutiso amemsikiliza Kioko, si mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha huyu ndugu yangu mdogo kushika spana, lakini leo nimesimama kando ya ile gari ndogo ya Kiingereza kama mgeni katika gereji yangu.

Kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu za injini, zilikuwa mbili mezani, moja ifungwe kwenye gari hiyo ya Daktari. Nilimwambia Daktari achukue ile ya mashindano, apite kila gari kwa barabara ya Mombasa. Kioko akatikisa kichwa.

"Hiyo haina nguvu mpaka injini ilie sana, Daktari. Wewe unapanda vilima vya Matiliku kila wiki kuona wagonjwa. Chukua hii ya wastani, itavuta hata injini ikizunguka polepole."

Alisema kweli, na nilijua hivyo kabla hajafungua mdomo. Niliisifu ile nyingine kwa sababu Kioko alikuwa ameshika hii. Huo ni wivu, hauna jina lingine.

Baadaye akaniita kwa upole. "Kaka, njoo tuifunge pamoja. Kuseti valvu, mkono wako unashinda wangu."

Nikamjibu nina kazi. Nilikaa nyuma ya gereji mchana kutwa, sina kazi yoyote, mpaka nikasikia injini ikiwaka vizuri bila mimi.