Zamu ya Krismasi ya Binti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, mimi shule niliiacha mapema nikashika cherehani, lakini kwa cherehani hiyo hiyo nimesomesha muuguzi, tena si muuguzi wa kubahatisha, ni wa wodi ya wazazi, nusu ya watoto wa mtaa huu mikono yake ndiyo iliyowapokea, nikipita sokoni naitwa Mama Nesi na watu nisiowajua, wala sikatai.

Sisi ni Waislamu, na wenzake wengi pale wodini ni Wakristo, sasa tangu aajiriwe huyu mwanangu kila Krismasi anaomba yeye ndiye ashike zamu ya mchana kutwa, wenzake waende kanisani wakale na watoto wao, na ikifika Idi wao hawangoji kuombwa, wanamwambia tu nenda kwa mama yako, nami namshukuru Mungu kwa watu wa namna hiyo, maana wapo majirani hapa hata chumvi hawapeani.

Mwaka huu muuguzi mkuu, mama mtu mzima mwenye heshima zake, kaja mwenyewe hadi kibarazani kwangu. "Mama, umetuzalia mtu," akasema. "Krismasi hii apumzike, zamu yake tumeshagawana, nyote wawili mje mle kwangu, tunataka kumshukuru mbele ya watoto wetu." Mshauri, ningesemaje? Nilikubali kabla hajamaliza chai, kesho yake nikakata kitambaa cha gauni, nikautangazia mtaa mzima, hata muuza mkaa anajua.

Binti alipotoka kazini nikampa habari nikitegemea vigelegele. Akakaa, akavua viatu.

"Mama, si ungeniuliza kwanza."

"Nikuulize nini, watu wanakuheshimu!"

"Siku ile ndiyo zawadi yangu kwao. Wakigawana zamu yangu, kuna mtu atakosa kanisa kwa sababu yangu. Sasa nitakuwa nimewapa nini?"

"Ukarimu wako una kiburi, mwanangu."

"Na hicho kiburi nimekirithi kwa nani?"

Nikainamia gauni, nikaendelea kushona.

Kaka yangu naye kachomeka lake, "Leo mtakula nao, kesho mtaimba nao." Nikamwambia kaka, mimi nikiimba wao ndio watahama kanisa. Lakini moyoni limenigusa, je, tunakosea? Muuguzi mkuu ameshaalika watu, binti hataki, gauni limeshashonwa, nikimlazimisha namnyang'anya siku yake, nikikataa nawavunja moyo watu waliotutendea wema. Nifanyeje?

Mama Nesi

JIBU

Mama Nesi, kwanza pokea hongera, maana najua usipopewa hutasoma mbele. Umelea vizuri. Haya, sasa kaa nikuseme.

Mwaliko wa mtu mzima haukubaliwi na mama yake. Kushona ushone wewe, kutangaza utangaze wewe, na zamu ashike nani? Ulichokipokea kibarazani hakikuwa chako. Hilo la dini usiniulize mimi, wala usimuulize kaka yako. Muulize sheikh unayemwamini, umweleze yote kama ulivyonieleza mimi, bila kuongeza chumvi.

Mimi sina dini, wasomaji wangu wa zamani wanajua, na wapo wanaoniuliza Krismasi kwangu ina maana gani. Nitakwambia. Mwanangu wa kwanza alizaliwa siku hiyo. Nesi aliyenishika mkono alinitania wakati wote, akaniambia mume wangu nimtukane polepole, wodi nzima imeshamjua. Sikumuuliza dini yake. Niliporudi kumshukuru nikaambiwa kahamishwa. Mtoto sasa ana ndevu, na ile asante bado ninayo, sijui pa kuitua. Kila Krismasi ninamkumbuka yule nesi, basi. Hiyo ndiyo Krismasi yangu.

Kwa hiyo msomee binti yako sehemu hii. Binti, kutoa ni moyo, kweli, lakini hata kupokea kunataka moyo. Wenzako wamebeba shukrani mwaka baada ya mwaka. Waache waitue.

Fanyeni hivi. Wewe mama, nenda kesho kwa muuguzi mkuu, kwa miguu yako, umwambie ulikubali kwa niaba ya mtu ambaye hukumuuliza. Atacheka, naye ni mama. Kisha binti apeleke ombi lake mwenyewe: asubuhi ashike zamu kama kawaida, wote waende ibadani, asikose hata mmoja. Ibada ikiisha, mmoja wao aje kumpokea zamu, na chakula kisogezwe hadi alasiri. Huyo atakayebaki wodini awekewe sahani yake, na wazazi waliolazwa wasisahauliwe. Hapo kila mtu atakuwa ametoa na kila mtu atakuwa amepokea.

Gauni livae, kwa nini lioze kabatini? Ila wakianza kumsifu mwanao, usidakie. Najua ni kazi ngumu. Ng'ata ulimi, sikiliza wengine wakisema unayoyasema wewe kila siku. Na wote wakishamaliza, mshike mikono hiyo iliyopokea watoto wa watu, umpe na asante yangu, ile iliyokosa mwenyewe.