Ulimsema Julieth Madhabahuni

Chemchem, Tabora
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Gerson,

Shikamoo kaka. Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mbeya, wewe, wifi Consolatha na watoto. Mgongo unaendeleaje na baridi ya huko? Sisi tuna afya, ila joto limeshaanza na maji ya bomba yanatoka siku yanapotaka yenyewe.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu siku hizi naogopa kusema jambo kwenye simu. Maneno yanabebwa mpaka yanafika kwa watu yasiowahusu. Hilo unalijua, mchungaji.

Kaka, mahubiri yako yametufikia. Mwanakwaya mmoja alinifungulia kwenye simu yake, nikiwa gengeni napanga nyanya, akidhani nitafurahi kusikia sauti ya kaka yangu. Na kweli nilifurahi, mwanzoni. Ulikuwa unasema juu ya wasichana waliojifungua kurudishwa shuleni. Najua jambo hilo linagawa watu, hata hapa ushirikani kwetu. Kisha ukasema, "Msidhani nasema ya mbali. Mtoto wa dada yangu pale Tabora ana mtoto nyumbani, na asubuhi anavaa sketi ya shule kama vile hakuna kilichotokea." Watu wakaitikia amina.

Hukumtaja jina. Lakini kaka, una dada mmoja tu.

Unakumbuka nilikwambia wapi. Ilikuwa Bukene, kwenye msiba wa mama, tumekaa nyuma ya jiko mimi na wewe. Nilikueleza kwamba nimehamia Chemchem, nikamwacha Nestory peke yake shambani, ili binti yetu Julieth aanze upya kwenye shule ambayo ni mkuu wa shule tu anayejua habari zake. Ulinishika mkono ukasema, "Levina, liishie hapa. Tutamwombea." Nilikupa ombi, wewe ukalifanya mfano wa mahubiri.

Jumatatu iliyofuata Julieth alirudi nyumbani asubuhi ile ile. Mwenzake alikuwa ameyasikia kwenye simu ya mama yake, akaenda kuyasimulia darasani. Kidato cha nne chote kikamgeukia. Hakulia. Alivua sketi, akaikunja, akaniuliza, "Mjomba alianza kunichukia lini?"

Nikamwambia, "Mjomba hakuchukii."

"Basi mbona hakunipigia mimi?"

Akakaa nyumbani siku nyingi, mtihani wa taifa unakaribia, hataki hata kushika daftari. Akitoka uani kuanika nguo za mtoto wake Shukrani, majirani wakipita anarudi ndani.

Hapo ndipo alipokuja mama Koleta, mwenyekiti wa akina mama ushirikani. Huyu ana msimamo kama wako, tena mkali kukuzidi. Nilipomwona mlangoni nikajua amekuja kutusema, nikaandaa maneno yangu. Yeye akamwita Julieth, akamwambia mbele yangu, "Mwanangu, sitakudanganya. Mimi naona serikali imekosea kuruhusu jambo hili, na nimelisema kanisani. Lakini wewe ni mtoto wetu, na una mtihani. Kesho nitakuja kumchukua Shukrani, nishinde naye."

Julieth akamtazama sana. "Na wakinicheka?"

"Watakucheka. Nitakusindikiza mpaka getini."

Na alimsindikiza. Alimbeba Shukrani mgongoni, akatembea na mama yake mwenye sketi ya shule mchana kweupe, barabara nzima ikiwatazama. Ushirikani watu bado wanabishana, na mama Koleta hajapunguza hata neno moja. Ila kila asubuhi anakuja, na Julieth anasoma.

Sikuandikii ubadili mawazo yako, kaka. Kinachoniuma ni kwamba mtu asiye ndugu yetu aliingia ndani, akamwambia uso kwa uso asichokubaliana nacho, halafu akambebea mtoto. Wewe uliyembatiza Julieth ulikwenda kumsema kwa watu wasiomjua. Nasali nikusamehe. Siku nyingine naweza. Siku nyingine nasali Baba Yetu, nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea sauti inakatika, wenzangu wananimalizia.

Mlango wangu haujafungwa. Ukija nitakupikia, nawe utakula kama siku zote. Lakini kabla sijakunawisha mikono utakaa na Julieth, useme naye mwenyewe. Usinitume mimi.

Shangazi Marcelina anakusalimu sana, anauliza utakuja lini. Mama Koleta naye anakusalimu, na anataka ujue kwamba alikusikiliza mpaka mwisho. Nestory amesema nikuandikie chochote isipokuwa salamu zake. Shukrani anatembea sasa, na akiona suruali ya mgeni yeyote anaishika. Msalimie wifi na watoto, hawana kosa.

Julieth nimemwuliza mara mbili kama ana neno la kukutumia. Mara ya kwanza alisema bado anafikiri. Leo aliniomba kalamu, akaishika kwa muda juu ya karatasi hii, kisha akanirudishia.

Mungu akulinde kaka, na ailinde midomo yetu sote.

Dada yako ambaye bado anakupenda,
Levina